Vyuma Saba Mchangani

Wangechi mwanangu,

Mama yako ameenda soko la Kagio na vitunguu vyake, na wewe uko Nyeri kumuaga cucu, bibi yako. Mtarudi jioni, nyumba itajaa watu, na kesho asubuhi treni itakuchukua hapa Sagana. Kwa hivyo nina mchana huu mmoja tu. Nimekaa mezani, nimefunga mlango, na jirani akinibishia hodi sitaitika.

Mambo ya dawa ya malaria na kuchemsha maji mama yako amekuambia hadi umechoka. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukueleza kuhusu Jumapili. Ulikuwa unatusomea barua yako ya kazi mbele ya wageni, na ulipofika kwenye jina la mahali unapopelekwa, niliinuka nikatoka nje. Ulinifuata ukaniuliza kuna nini. Nikasema moshi umeniingia machoni. Hakukuwa na moshi.

Barua yako inasema mnakwenda kupima ufuo ili ukuta ulio mbele ya hoteli urefushwe. Ukuta huo niliujenga mimi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili, na hapa kwetu hata mbwa tunamfukuza kwa Kikuyu. Nimejaribu kwa Kikuyu nikashindwa. Mambo haya yalitokea kwa Kiswahili. Uongo niliousema niliusema kwa Kiswahili, na nikiuweka kwa lugha ya nyumbani unakuwa kama hadithi ya mtu mwingine.

Unajua kazi ya mawe nilijifunzia hapa hapa, kwenye misingi ya madaraja ya mto huu wa Sagana. Mto naujua. Ukitaka kuulinda ukingo wake, unatafuta mahali maji yanapokata, unaweka mawe mazito, unayafunga vizuri, na maji yanageuka yanakwenda zake. Nilikuwa na sifa. Watu walisema ukuta wa Mwangi hata mvua ya Aprili inaupisha. Na mtu akisifiwa hivyo akiwa bado kijana, Wangechi, anaanza kuamini kwamba maji yote ni ya aina moja.

Miaka michache baada ya Uhuru kontrakta mmoja alikuja huku kutafuta mafundi wa kwenda Pwani. Mama yako alikuwa na mimba yako. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Asubuhi ya kwanza niliposimama ufuoni niliogopa, na kwa sababu niliona aibu, nikafanya mzaha. Nikawaambia wenzangu, "Ati hii ndiyo bahari? Si ni Sagana iliyokosa ng'ambo." Walicheka wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Athumani, fundi wa pale pale, aliyejua kukata mawe ya matumbawe. Alikuwa rika langu. Alingoja kicheko kiishe, kisha akasema, "Mto hupita, fundi. Bahari hurudi."

Nilimwona mtu wa kujivuna.

Hoteli ilikuwa imejengwa karibu mno na maji. Mwenye hoteli alitaka wageni wake waamke waone mawimbi wakiwa bado kitandani, akapanda bustani juu ya mchanga wenyewe, na kila msimu wa upepo wa kusi bahari ilikuja ikamega kipande cha nyasi. Sisi tuliletwa tuizuie. Ukuta wa mawe na saruji, umesimama wima kama wa nyumba, kutoka mpaka wa kiwanja hadi mpaka. Pale kiwanja kilipoishia ndipo kijiji cha kina Athumani kilipoanzia. Na mwisho wa kijiji palikuwa na mdomo wa kijito, mikoko imeota kwenye tope, minene, imeshikana mizizi.

Tulihitaji miti ya jukwaa la kujengea. Mikoko ilikuwa karibu, imenyooka, na migumu kama chuma. Nikaagiza ikatwe. Hakuna aliyenituma, ni akili yangu mwenyewe. Tulikata wiki mbili, na wanawake wa kijiji walisimama kando wakitutazama. Nilidhani wanashangaa bidii yetu.

Mchana Athumani alikuwa akinichukua kwao kula. Nyumba yao ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye ukuta, na aliishi na mkewe Zuhura, watoto wawili, na mama yake, Bi Fatuma. Huyo mama aliniita mwanangu wa bara. Kiswahili changu kilimfurahisha sana. Nikisema "maji iko na nguvu", alinirudisha kama mwalimu: "Yana nguvu, mwanangu. Maji ni mengi, usiyaseme kama mtu mmoja." Nikirudia makosa, hanipi mchuzi mpaka niseme sawa. Hiki Kiswahili ninachokuandikia ni chake.

Siku moja baada ya kula Athumani alinipeleka ufuoni akachora kwa mguu. "Litazame wimbi," akasema. "Linakuja na nguvu zake zote. Likiukuta mchanga umelala hivi, linapanda, linapanda, linachoka, linarudi polepole. Huu mchanga ndio ukuta wetu. Kusi huuchukua, kaskazi huurudisha. Sasa nyinyi mnaweka jiwe limesimama. Wimbi litachokea wapi?"

"Litapiga ukuta lirudi," nikasema.

"Litarudi na nini?"

Akaufuta mchoro wake kwa mguu.

"Litarudi na mchanga. Na likifika mwisho wa ukuta wenu litajipinda, lichimbe hapo. Hapo mwisho ni kwetu, fundi. Na mikoko iliyokuwa ikitushikia upande ule mmeipeleka kwenye jukwaa."

Injinia wetu alikuwa kijana msikivu. Athumani alipomweleza, hakubisha. Alichukua vyuma saba, akavipigilia mchangani mbele ya kijiji, kuanzia pale ukuta utakapoishia hadi kwenye kijito. Kila kimoja akakipaka mstari mwekundu pale kilipokutana na mchanga. Akaniambia, "Mwangi, kila wiki maji yakipwa, pima kutoka kwenye mstari hadi mchangani. Mchanga ukizidi kushuka, tutasimamisha kazi tufikirie upya." Akanipa daftari. Baada ya wiki tatu akaugua, macho yakawa ya manjano, akapelekwa Nairobi. Hakurudi.

Nikabaki na daftari. Wiki za kwanza mchanga ulishuka kidole. Kisha kiganja. Ukuta ulipofika urefu wa kifua na mawimbi yakaanza kuupiga sawasawa, chuma cha kwanza, kile cha mbele ya nyumba ya Athumani, kilikuwa kimejitokeza kwa urefu wa mkono wangu kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko. Na kusi ilikuwa bado haijaanza.

Nilimwendea kontrakta. Nataka ujue kwamba nilimwendea. Tulikuwa kwenye banda la saruji, sisi wawili.

"Mchanga inaenda, mzee," nikamwambia. "Ile nyumba ya kwanza iko karibu sana."

"Wewe Mwangi ni fundi ama ni nabii?"

"Nimepima."

"Mchanga ya bahari huenda ikirudi. Si ndivyo hao wenyewe husema? Sikiza. Mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi. Akikuta hiyo vyuma yako imesimama kama meno ya fisi, atafunga kazi. Akifunga, sisi wote turudi Nyeri tupande viazi. Na mimi nilikuwa naona wewe ndio unafaa kuwa nyapara mkuu, hapa na kule kwingine tunaenda." Akanigusa bega. "Fikiria tu."

Hakuniambia nifanye nilichofanya. Miaka mingi nilijidanganya kwamba aliniambia, na naona nikuandikie wazi ili usije ukanitetea kwa mtu. Alisema nifikirie. Nilifikiria siku mbili. Niliwaza mimba ya mama yako. Niliwaza kurudi hapa Sagana nikiwa nyapara mkuu, na wale walionicheka nilipotoka wakinipisha barabarani. Nyumba ya Athumani niliiwaza pia, lakini niliiwaza mwisho, wakati tayari nimechoka kuwaza.

Alhamisi maji yalikupwa asubuhi. Nilichukua nyundo kubwa, nikashuka peke yangu, nikavipiga vyuma vyote saba, kimoja baada ya kingine, hadi ule mstari mwekundu ukalala juu ya mchanga kama siku ya kwanza. Nilianzia kule kwenye kijito nikamalizia cha mbele ya nyumba. Hicho kilinisumbua, kilikuwa kirefu. Bi Fatuma akasikia mlio akatoka mlangoni.

"Unatupigia vigingi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akuweke. Hatuna mwingine wa kutuangalia huku."

Akaingia ndani, akaniletea sahani ya mhogo wa kuchemsha. Nikakaa kwenye kizingiti chake nikala. Nilikuwa na njaa, Wangechi. Nilikula wote.

Mkaguzi alifika saa sita. Kontrakta alikuwa amemtuma Athumani machimboni tangu alfajiri. Mkaguzi akatembea ufuoni, akavitazama vyuma, akafungua daftari ambalo nilikuwa nimeliandika upya. "Kwa hivyo mchanga haujashuka?" akaniuliza.

"Haujashuka, bwana. Uko vile ulivyokuwa."

Akatia sahihi, akauchana ukurasa wangu, akauweka kwenye faili lake. Jambo lenyewe halikuchukua muda. Jioni Athumani aliporudi akaniuliza, "Mkaguzi aliviona vyuma?" Nikamwambia aliviona. "Akasemaje?" Nikamwambia amesema tuendelee. Alisimama hapo na vumbi la mawe usoni, akatikisa kichwa, akaenda kuoga.

Ukuta ukaisha. Kusi ikaanza. Wiki ya tatu yakaja maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, na siku hiyo upepo ulikuwa umevuma tangu usiku. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa yamejaa hadi mguuni mwa ukuta, na mawimbi yalikuwa yanaupiga na kuruka juu kama moshi. Kontrakta na mwenye hoteli walisimama bustanini na miavuli wakitazama. Mimi nilikuwa juu ya ukuta. Niliona kwa macho yangu kile alichokichora Athumani kwa mguu. Wimbi lilipiga, likarudi, likakutana na lile linalokuja, yakapanda pamoja, yakakimbia ubavuni mwa ukuta hadi mwisho wake, na pale mwisho yakageuka yakaingia kijijini.

Yalianza na makaburi ya kijiji. Kisha minazi miwili ililala. Watu walikuwa wakitoa vitu nje, vitanda, masufuria, watoto wamebebwa migongoni. Niliruka chini nikakimbia. Nilimkuta Zuhura na watoto nyuma ya nyumba, pakavu. Athumani alikuwa akitoa kitanda. Bi Fatuma alikuwa ameshatoka, nilimwona. Halafu akasema watoto hawajala tangu kuamka, uji uko mekoni, akarudi ndani kuutoa. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu nyumba ilikuwa bado imesimama na mlango ulikuwa upande huu wa pakavu.

Ukuta wa nyumba wa upande wa bahari ulikatika chini, sio juu. Mchanga uliondoka chini ya msingi, na ukuta mzima ukakaa, kama mtu anayeketi, kisha paa likaja. Tulichimba kwa mikono. Mimi na Athumani tulikuwa bega kwa bega, na kila tulipotoa udongo maji yaliingia yakaleta mwingine. Tulipompata alikuwa ameshafariki. Athumani aliufuta uso wake kwa shati lake mwenyewe, akaendelea kuufuta hata ulipokuwa safi.

Maji yalipokupwa nilirudi kwenye ukuta wangu. Nikaukagua wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na ufa hata mmoja. Kontrakta alinijia akasema, "Umeona? Kazi safi."

Tulimzika siku hiyo hiyo, juu kabisa, mbali na maji. Nilibeba jeneza pamoja na wengine. Baada ya maziko mzee wa kijiji alinisogelea akaniuliza kwa upole, "Fundi, vile vyuma havikuonyesha kitu?" Athumani alikuwa karibu, amekaa chini. Nikasema, "Havikuonyesha kitu, mzee." Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza unaweza kusema niliogopa kontrakta. Mara ya pili hapakuwa na kontrakta, palikuwa na mimi peke yangu na kaburi bichi.

Nikawa nyapara mkuu. Nilikaa miezi mitatu, nikarudi nyumbani nikasema homa ya Pwani imenishinda. Ulikuwa umezaliwa. Mama yako alikuweka mikononi mwangu, nikakurudisha kwake haraka, na hadi leo hajajua kwa nini. Hajui lolote kati ya haya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni lako. Ulipokuwa na miaka saba, uliziba mtaro hapo chini kwa matope na mawe ili kujenga bwawa lako. Mvua ikaja, maji yakakosa njia, yakapita shambani kwa jirani yakang'oa viazi vyake. Viazi vya debe moja. Nilikupiga kwa mshipi, na sikuacha, hadi mama yako aliponishika mkono. Hukulala kwa mgongo siku nne. Hatujawahi kulizungumza. Ulikuwa mtoto unayecheza na maji, na mimi nilikuwa nampiga mtu mwingine. Nimekuona ukikua ukinikwepa kidogo, ukija kwa mama yako na maswali yako ya shule hata yale ya ujenzi. Sikulaumu. Uliposema unataka kusomea kazi hii nilinyamaza, na ukadhani sifurahii kwa sababu wewe ni msichana. Haikuwa hivyo. Naomba msamaha kwa mshipi, na kwa ule ukimya.

Ulipokuwa na miaka kumi na miwili nilisema naenda Kangari kujenga banda la kukusanyia majani ya chai. Sikwenda Kangari. Nilipanda treni nikaenda Pwani.

Kijiji kilikuwa kimehama. Walikuwa wamerudi nyuma, mbali na ufuo, na kati ya nyumba na maji walikuwa wameacha uwanja mtupu. Hakuna anayeruhusiwa kujenga hapo, hata mtoto wa mzee wa kijiji. Mbele ya hoteli hapakuwa tena na mchanga wowote. Ngazi za wageni zilishuka hadi kwenye mwamba mtupu na maji meusi. Ukuta ulikuwa umelinda nyasi, ukapoteza ufuo. Lakini kule kwenye kijito niliona jambo ambalo sikulitarajia. Mikoko ilikuwa imeota tena, safu kwa safu, mingine kimo cha mtu. Wale wanawake waliokuwa wametutazama tukikata walikuwa wakiipanda, mbegu moja moja, kwenye tope la magotini. Walikuwa pia wamechomeka vigogo vya minazi na kuvisuka kwa matawi, visiwe kizuizi, viyachoshe tu mawimbi. Nyuma ya hapo mchanga ulikuwa umeanza kukaa.

Nilimkuta Athumani anatengeneza jembe. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Hakushtuka. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nyundo, mstari mwekundu, daftari, mhogo. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Jioni ile ile. Mama aliniambia umekuja kutupigia vigingi. Nilikwenda nikaviona."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani?" Akaweka jembe chini. "Mkaguzi ameshakwenda na karatasi yako. Kontrakta ni mtu wenu. Ningewaambia vijana wa hapa, wangekupasua kichwa, wafungwe wao. Halafu ningehamisha watu wangu wapi? Nikasema labda Mwangi ataona haya, atasema mwenyewe. Ukala kwetu wiki baada ya wiki. Nikawa nangoja. Na mama akafa nikiwa nangoja. Hilo ni langu, nami linanila."

Nilimwomba msamaha. Akasema hawezi kusamehe kwa niaba ya maiti. Kisha akasema, "Hawa wengine hawajui. Wanakukumbuka kwa wema, fundi aliyechimba kwa mikono. Si kazi yangu kuwaambia. Ni yako."

Nilikaa siku tatu nikapanda mikoko nao. Zuhura alinikumbatia. Mzee wa kijiji, kipofu sasa, alinishika mkono akanibariki. Kila jioni nilijiambia nitasema, na kila jioni nilikula chakula chao nikanyamaza. Siku ya nne nikaondoka. Athumani alinisindikiza hadi barabarani na hakunipa mkono.

Sasa unakwenda wewe. Kwenye faili watakalokupa ofisini utakuta ukurasa wenye mwandiko wa baba yako, unaosema mchanga mbele ya kijiji haujashuka hata kidogo ukuta ulipojengwa. Wanaotaka kuurefusha watauonyesha ukurasa huo. Watasema, tazama, ukuta wa kwanza haukudhuru mtu. Mwisho wa ukuta mpya ni pale kwenye mikoko.

Sijui ukuta unafaa wapi na haufai wapi. Wewe umesoma, mimi sikusoma. Ninachojua ni kwamba kila ukuta una mwisho, na kabla ya kuuliza uwe na kimo gani, uliza unaishia mlangoni kwa nani. Ukipima, pima mbele ya wenye nyumba, na useme hesabu kwa sauti wasikie. Cucu wako alichimbishwa matuta wakati wa Hali ya Hatari, askari wa mkoloni amesimama nyuma yake. Yalikuwa matuta mazuri, yalizuia udongo. Uhuru ulipokuja watu waliyabomoa kwa hasira, na mashamba yakateremka mtoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Wale wanawake wa kijito walijipangia wenyewe, na mikoko yao hakuna anayethubutu kuigusa kwa panga.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na nia ya kukuomba uwaambie wewe. Uwakute, ujitaje, useme mimi ni binti wa yule fundi, na alifanya hivi na hivi. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Nimeona ni yale yale, nasimama mahali pakavu na mzigo unaangukia nyumba ya mwingine.

Kwa hivyo nimeiweka kalamu chini, nikaenda stesheni nikakata tikiti yangu, nikarudi kumalizia. Nitamwambia mama yako akirudi, kabla hajavua kitambaa cha soko. Kesho nitapanda treni hiyo hiyo. Ukisoma hapa ukaona hutaki kukaa na mimi, nitakaa behewa la nyuma na sitakusumbua hadi tufike. Tukifika, wewe nenda ofisini kwako. Mimi nitakwenda kijijini, na safari hii nitasema kabla ya kula.

Baba yako,
Mwangi